Rabi Yoshua na kuta nyeusi
Kila nionapo mtu akidharauliwa mpakani kwa ajili ya nguo zake, namkumbuka Rabi Yoshua bin Hanania, mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi zama ambazo Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa, mwaka 70. Sura yake haikuvutia. Talmudi inasimulia kuwa binti wa Kaisari alishangaa hekima kukaa katika chombo kibaya. Yoshua akamshauri divai ya ikulu itolewe kwenye mitungi ya udongo, itiwe katika dhahabu na fedha. Ikachacha yote!

Mimi huguswa zaidi na habari za Gamalieli, mkuu aliyemdhalilisha hadharani. Alipokwenda kuomba radhi, alikuta kuta za nyumba zimejaa masizi. Kumbe mwanachuoni huyo aliishi kwa kazi ya moto. Yoshua alimlaumu kwa kutojua taabu za wenzake, akamsamehe kwa heshima ya baba yake Gamalieli.