Solomon Carter Fuller, mwana wa Liberia aliyechunguza ugonjwa wa kusahau

Watu wengi wamekwisha kusikia jina la Alzheimer, ule ugonjwa unaofanya mzee asahau njia ya kwake na hata majina ya watoto wake. Lakini ni wachache wanaojua kama kati ya waganga wa kwanza kuuchunguza kulikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Monrovia. Jina lake Solomon Carter Fuller.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1872. Babu yake alikuwa mtumwa kule Virginia, Marekani. Alijinunulia uhuru kwa franga zake mwenyewe, kisha akahamia Liberia. Upande wa mama, wazee wake walikuwa wamisionari wenye kujua kutibu. Basi kijana Solomon alikua akiona kazi ya uganga karibu.

Mwaka 1889, akiwa na miaka 17, alivuka bahari kwenda kusoma Marekani. Alipata diploma ya uganga kwenye Boston University mwaka 1897, na akaanza kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough, jimbo la Massachusetts. Kazi yake ilikuwa ya labo: kupasua ubongo wa wagonjwa waliokufa na kuutazama chini ya mikroskopi. Alitaka kujua akili ya mtu inaharibika juu ya nini.

Mwaka 1904 alikwenda Munich, Ujerumani. Pale, profesa Alois Alzheimer alimchukua kati ya wasaidizi wachache waliotoka inchi zingine. Fuller alijifunza kukata ubongo vipande vyembamba sana na kuvitia rangi, ili sehemu zilizougua zionekane. Jina la ugonjwa wa Alzheimer lilikuwa bado halijatolewa. Lilikuja mwaka 1910.

Aliporudi Westborough, aliendelea na ile kazi. Mwaka 1907 aliandika juu ya nyuzi ndogo zilizo ndani ya seli za ubongo na namna zinavyoharibika. Mwaka 1912 alikusanya habari za wagonjwa wote wa Alzheimer waliokuwa wamejulikana duniani, ambao hawakufika hata ishirini, akaongeza wa kwake: mwanaume wa miaka 56. Pia alitia kwa Kiingereza maelezo ya mgonjwa wa kwanza, mama mmoja wa Ujerumani. Kwa njia hiyo, waganga wasiojua Kijerumani wakapata kusoma.

Wakati ule wengi walisema madoa yanayoonekana kwenye ubongo yanaletwa na mishipa ya damu iliyokauka. Fuller alitilia shaka maneno hayo, juu aliona madoa bila mishipa kukauka, na mishipa iliyokauka bila madoa. Uchunguzi uliokuja nyuma ulimpa haki.

Lakini haki hiyo hakuipata kazini. Alifundisha Boston University zaidi ya miaka 30, akilipwa chini ya wenzake Wazungu. Kwa miaka kama mitano alisimamia kazi ya idara ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, bila kupewa cheo cha mkubwa wa idara. Mwaka 1933 cheo kilipewa Mzungu aliyekuwa chini yake kwa daraja. Fuller aliacha kazi. Hata mtaani, kule Framingham, majirani walijaribu kumkataza asijenge, juu ya rangi yake tu. Alijenga, akakaa pale na bibi yake, Meta Warrick, fundi wa sanamu aliyejulikana sana, na watoto wao watatu.

Alifundisha pia waganga weusi waliokwenda kutumika kwenye hospitali ya maaskari wa zamani kule Tuskegee. Mwishoni, ugonjwa wa sukari ulimpofusha, yeye aliyeishi kwa kutazama. Hata hivyo aliendelea kupokea wagonjwa. Alikufa tarehe 16 Januari 1953, akiwa na miaka 80. Leo kituo cha afya ya akili kimoja cha Boston kinaitwa kwa jina lake.

Kwetu hapa, mama mzee akianza kupotea njia ao kusema peke yake usiku, kuna wanaokimbilia kumwita mulozi. Fuller alikwisha kuonyesha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kama kitu kinachougua pale ni ubongo. Mzee wa namna hiyo anahitaji muganga, na mtu wa kumushika mkono.