Abdelkader wa Algeria na mateka wake

Neno letu amani limetoka katika Kiarabu, pamoja na ndugu zake amana na imani. Katika sheria ya Kiislamu ya vita, neno hilo lina maana nyembamba kuliko tunayoijua sisi: ni ahadi anayopewa adui aliyeweka silaha chini, ya kwamba hatauawa wala kudhulumiwa. Abdelkader bin Muhyi al-Din aliijua ahadi hiyo kwa pande zote mbili. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kuitoa. Kisha ikafika siku akawa mtu wa kuipokea.

Alizaliwa mwaka wa 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi mwa Algeria. Baba yake alikuwa shehe wa tarika ya Qadiriyya, tarika ambayo baadaye ilifika hata kwa Waislamu wa Kasongo, kwetu katika Maniema. Mtoto alilelewa kuwa mtu wa vitabu, si wa vita. Alisoma Kurani na fiqhi, na akiwa kijana alikwenda Maka kuhiji pamoja na baba yake. Waliporudi nyumbani, haikupita miaka mingi kabla Wafaransa hawajashuka pwani. Mji wa Alger uliangukia mikononi mwao mwezi wa Julai 1830. Makabila ya magharibi yalimtaka mzee Muhyi al-Din awaongoze, lakini yeye alisema amezeeka, akamtoa mwanawe. Mwezi wa Novemba 1832, Abdelkader alipewa uamiri akiwa na miaka 24.

Hapo ndipo suala la mateka lilipomkabili. Kurani haikulinyamazia jambo hilo. Aya ya 4 ya sura ya 47 inasema kwamba baada ya mapigano waliofungwa waachiliwe, ama kwa hisani ama kwa fidia. Aya ya 8 ya sura ya 76 inawasifu watu wema wanaompa chakula maskini, yatima na mfungwa, ingawa chakula hicho wanakipenda wenyewe. Tena kuna mfano wa Badri, mwaka wa 624: Waislamu walikamata watu wapatao 70 wa Maka, na mapokeo yanasimulia kwamba waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali waliweza kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Lakini mapokeo hayo hayo yanasimulia pia kwamba wawili kati ya wale mateka waliuawa njiani. Kwa hiyo wanazuoni wengi wa fiqhi walimwachia kiongozi njia kadhaa: kumwachilia mfungwa bure, kumtoa kwa fidia au kwa kubadilishana, kumfanya mtumwa, au kumuua. Ni mlango mpana. Anayeingia huchagua mwenyewe upande wa kwenda, na uchaguzi huo ndio unaomwonyesha ni mtu wa namna gani.

Desturi aliyoikuta Abdelkader ilikuwa ya kukata vichwa. Mpiganaji aliyeleta kichwa cha adui alipewa zawadi, na pande zote mbili za vita hivyo zilifahamu ukatili wa namna hiyo. Amiri aliigeuza. Kadiri anavyoeleza Charles Henry Churchill, Mwingereza aliyezungumza naye sana huko Damascus na kuchapisha maisha yake mwaka wa 1867, Amiri alitoa amri kwamba zawadi italipwa kwa Mfaransa aliyeletwa akiwa hai, na kwamba mfungwa akilalamika kuwa ametendewa vibaya, aliyemleta ataikosa zawadi hiyo. Hakutegemea mahubiri peke yake. Aliweka faida ya askari wake upande wa uhai wa adui.

Wanawake waliotekwa waliwekwa karibu na hema la mama yake, Lalla Zohra, naye ndiye aliyewatunza. Mwaka wa 1841 Askofu Dupuch wa Alger alimwandikia Amiri akimwomba afisa mmoja, ambaye mke wake alikuwa amekuja kumlilia. Amiri alijibu kwamba angemshukuru zaidi kama angewaombea Wakristo wote waliofungwa, tena kama angekumbuka pia Waislamu waliojaa katika magereza ya Wafaransa. Askofu alilielewa somo hilo. Mwezi wa Mei mwaka huo wafungwa wa pande mbili walibadilishwa, na katika miezi iliyofuata padri Suchet, msaidizi wa askofu, alikwenda hadi kwa Amiri mwenyewe kwa shauri la wafungwa waliobaki.

Kisa kingine ni cha Escoffier, mpiga tarumbeta aliyetekwa mwaka wa 1843 baada ya kumpa kapteni wake farasi ili kapteni aokoke. Mfalme wa Ufaransa alimpa nishani ya Légion d'honneur akiwa bado kifungoni. Nishani ilipofika, Amiri aliwakusanya askari wake, na mbele yao mfungwa akavalishwa heshima aliyopewa na adui yao.

Lakini wakati huo vita vilikuwa vimebadilika. Jenerali Bugeaud, aliyefika kutawala Algeria mwaka wa 1841, hakufuata majeshi tu. Alichoma ghala za nafaka, akakata miti ya matunda na kunyang'anya mifugo ili watu waishiwe nguvu. Mwezi wa Juni 1845, huko Dahra, Kanali Pélissier aliwasha moto kwenye midomo ya mapango walimokimbilia watu wa kabila la Ouled Riah, na mamia wakafa kwa moshi, wanawake na watoto wakiwemo. Miji ya Amiri ilikuwa imebomolewa moja baada ya nyingine, na serikali yake ilikuwa sasa ni kambi inayohamahama. Iliwahi kutokea awaachilie wafungwa bila kudai kitu kwa sababu hakuwa tena na chakula cha kuwatosha.

Mwezi wa Septemba 1845 alipata ushindi mkubwa wa mwisho, huko Sidi Brahim, na siku chache baadaye kikosi cha Wafaransa wapatao 200 kikajisalimisha karibu na Aïn Témouchent. Mateka wakawa wengi kuliko wakati wowote. Walipelekwa katika kambi iliyokuwa karibu na mto Moulouya, upande wa Moroko, chini ya uangalizi wa Mustapha ben Thami, shemeji wa Amiri. Amiri mwenyewe alikuwa mbali mashariki, akipigana na kukimbia. Njaa ilizidi kambini. Sultani wa Moroko aliwabana. Barua za Amiri za kutaka kubadilishana wafungwa hazikuzaa kitu. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi wa Aprili 1846 askari wafungwa waliuawa, zaidi ya watu 200. Maafisa wachache walibakizwa, nao walikombolewa mwishoni mwa mwaka.

Amiri alisema hakutoa amri hiyo, na wengi wa walioandika maisha yake wanakubali. Ni vema tukubali nasi, lakini tusiishie hapo. Watu wale walikuwa mateka wake. Kanuni aliyoitunga ilikuwa nzuri, ila ilisimama juu ya mtu mmoja: alipokuwepo, mfungwa alikula na kulala salama, alipokuwa mbali, mlango ule mpana wa fiqhi ulibaki wazi, na mwingine akaingia kwa upande wa mauaji. Anayemsifu Amiri na kuuruka usiku wa Moulouya anasimulia nusu ya maisha yake. Anayeutaja usiku huo na kuyasahau mapango ya Dahra anasimulia nusu nyingine.

Mwezi wa Desemba 1847, akiwa amesongwa na jeshi la Moroko upande mmoja na Wafaransa upande wa pili, Abdelkader alijisalimisha kwa Jenerali Lamoricière. Sharti lake lilikuwa moja: apelekwe na watu wake Alexandria au Akka. Lamoricière alikubali, na Duke wa Aumale, mtoto wa mfalme, akalithibitisha. Hiyo ilikuwa amani kwa maana ile ya kwanza. Meli ilipoondoka haikwenda Mashariki, bali Toulon. Majuma machache baadaye mfalme alipinduliwa, na serikali mpya ya jamhuri nayo haikulipa deni la ahadi.

Alifungwa miaka mitano na watu wake wapatao mia moja, kwanza Toulon, kisha Pau, kisha katika ngome ya Amboise. Walijaribu kumshawishi ayapokee maisha ya starehe Ufaransa na kuisamehe serikali ile ahadi. Alikataa: ahadi ilikuwa yao, na aibu ya kuivunja ingebaki yao. Ben Thami naye alikuwa miongoni mwa waliofungwa pamoja naye, kwa hiyo kila siku Amiri alimwona mtu wa Moulouya. Baridi na magonjwa viliwaangusha watu wake. 25 wamezikwa Amboise, wakiwemo wanawake na watoto. Baadhi ya waliomtetea walikuwa watu waliokumbuka alivyowatendea wafungwa. Askofu Dupuch alimtembelea, kisha mwaka wa 1849 akachapisha kitabu kizima cha kudai afunguliwe. Uhuru ulikuja tarehe 16 Oktoba 1852, Louis-Napoléon alipofika Amboise kumwambia mwenyewe.

Alikwenda Bursa, kisha mwaka wa 1855 akahamia Damascus, akarudia kazi yake ya kwanza ya kusoma na kufundisha. Mwezi wa Julai 1860 watu wenye silaha waliivamia mitaa ya Wakristo wa mji huo. Amiri na Waalgeria wake walizunguka wakiwakusanya watu, wakawaweka nyumbani kwake, na nyumba ilipojaa wakawapeleka ngomeni. Waliookolewa walihesabiwa kwa maelfu. Wauaji walipofika mlangoni kudai Wakristo, aliwakabili yeye mwenyewe. Serikali nyingi zilimpa nishani, Ufaransa ikiwa mojawapo. Barua moja ilitoka kwa Imamu Shamil wa Dagestan, aliyekuwa wakati ule mfungwa wa Warusi. Amiri alimjibu kwamba alichofanya kilikuwa wajibu wa dini na wa utu.

Alifariki Damascus mwezi wa Mei 1883, na mwaka wa 1966 mabaki yake yalirudishwa Algeria iliyokuwa huru. Wengine husema kwamba mwaka wa 1860 alikuwa mtu mpya, aliyelainishwa na kifungo. Maisha yake hayaonyeshi hivyo. Sheria aliyoifuata Damascus ni ile ile ya 1841. Tofauti ni kwamba safari hii hakumwachia mtu mwingine mlango: alisimama pale mwenyewe mpaka watu wa mwisho walipopata usalama.