Livingstone: maisha, barua na siri zilizopita Tabora

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Mara nyingi tunapoizungumzia hewani tunataja alama za vidole za kusajilia laini pale Ziba, namba ya NIDA au cheti cha hospitali. Leo tunamtazama mtu anayetajwa kufariki tarehe 1 Mei 1873, miaka 150 kamili kabla ya siku hiyo, ambaye karatasi zake zilipita hapa kwetu Unyanyembe.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 aliajiriwa kiwanda cha pamba, baadaye akasomea udaktari na umisionari. Alifika kusini mwa Afrika mwaka 1841. Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866 kutokea Zanzibar, akitafuta chanzo cha mto Nile, na katika safari hiyo maisha yake yalitegemea njia ya misafara.

Njia hiyo ndiyo iliyokuwa posta, na haikuwa na siri. Livingstone alilalamika kwamba takriban barua 40 alizoandika Ujiji mwaka 1869 hazikufika. Aliamini ziliharibiwa na wafanyabiashara walioogopa asije akaeleza habari za utumwa. Upande wa pili, mfuko wa barua zake uliofungwa Zanzibar Novemba 1870 ulikwama hapa Unyanyembe. Henry Morton Stanley ndiye aliyeukuta na kuuchukua hadi Ujiji, akamkabidhi mwenyewe Novemba 1871. Barua za watoto wake zilikuwa zimechelewa mwaka mzima.

Februari 1872 wawili hao walifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe ambayo leo ni makumbusho. Walipoagana mwezi Machi, Livingstone alimpa Stanley shajara yake kubwa, imefungwa kwa lakiri, aipeleke kwa binti yake Agnes. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, na unaweza kuwazia alivyotamani kuisoma njiani. Hata hivyo aliifikisha.

Livingstone alibaki Tabora hadi Agosti akingoja wapagazi, kisha akaelekea kusini. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili, na Jacob Wainwright akaorodhesha mali. Oktoba 1873 wakafika Tabora na mzigo wao. Afisa Mwingereza, Cameron, alishauri mwili uzikwe hapa, wakakataa. Alichukua baadhi ya vyombo vya upimaji, lakini mwili na karatasi viliendelea hadi pwani. Kwa maoni yetu, hawa ndio watunza taarifa wa kweli katika habari hii, na hakuna sheria iliyowalazimisha.

Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Kabla mwaka haujaisha, rafiki yake Horace Waller alikuwa ameshahariri shajara na kuzichapisha, akichagua mwenyewe kipi kitoke na kipi kibaki. Aliyeziandika hakuwepo tena wa kuulizwa. Hata leo kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 hazimhusu marehemu. Kila nchi mwanachama huachiwa iamue. Ufaransa, kwa mfano, humruhusu mtu kuacha maagizo kuhusu taarifa zake baada ya kifo.

Mwaka 2010 watafiti walisoma kwa picha za mwanga maalumu barua iliyofifia ambayo Livingstone alimwandikia Waller Februari 1871, akisisitiza iwe ya macho yake tu. Sasa dunia nzima inaweza kuisoma. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya shajara ya Nyangwe, aliyoiandika juu ya kurasa za magazeti kwa wino wa matunda alipoishiwa karatasi. Humo ameeleza mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai 1871. Ilipolinganishwa na nakala iliyofungwa lakiri Kwihara, yalionekana mambo aliyoyapunguza wakati wa kunakili, yakiwemo ya mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Livingstone alitaka yabaki siri. Ndugu za waliouawa Nyangwe, wakiulizwa, huenda wangejibu vingine.