Paulo Freire na neno la mnyonge

Jina la Paulo Freire hutajwa sana katika vyuo vyetu vya ualimu. Wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakalisahau. Aghalabu hutajwa kama mwananadharia, na ni nadra kusikia kwamba mtu huyu alianza kama mtumishi wa shirika la huduma za jamii, akihangaika kuwasaidia maskini, na kwamba maskini hao hao ndio waliomsahihisha.

Alizaliwa Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, tarehe 19 Septemba 1921. Wazazi wake walimfunza kuandika uani, chini ya mwembe, kijiti kikiwa kalamu na ardhi ikiwa ubao. Mdororo wa uchumi wa dunia uliifukarisha familia, babake akafariki mwaka 1934, na njaa ikamfanya kijana achelewe katika masomo. Alisomea sheria lakini akaiacha mara tu alipotakiwa kumdai daktari kijana wa meno aliyelemewa na deni. Alijishughulisha na kufundisha Kireno. Mwaka 1944 alimwoa Elza, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mchango wake katika fikra za mumewe, kwa maoni yangu, haujatambuliwa ipasavyo.

Mwaka 1947 aliajiriwa na SESI, shirika lililogharimiwa na wenye viwanda ili kuhudumia familia za wafanyakazi. Jioni moja aliwahutubia wazazi kuhusu adhabu. Aliwasihi wasiwachape watoto wao, na kama ilivyo desturi yetu wasomi, akaegemea nadharia za Jean Piaget wa Uswisi. Alipokwisha, mfanyakazi mmoja akasimama. Aliisifu hotuba kwa adabu, kisha akauliza iwapo msemaji aliwahi kuona wanakoishi wao. Akaieleza nyumba ya Freire, ambayo hakuwahi kuingia: vyumba vya kutosha, maji ya moto, watoto waliooga na kushiba. Akaeleza na kwao: kubanana, uchafu, watoto wenye njaa wanaopiga kelele, na mzazi ambaye sharti aamke saa kumi alfajiri kurudia kazi ile ile. Wakiwachapa, alieleza, si kwamba hawawapendi.

Freire alitamani ardhi immeze. Njiani kurudi nyumbani alimlalamikia mkewe kwamba watu wale hawakumwelewa. Elza akamwuliza kama si yeye ambaye hakuwaelewa wao. Nadharia yote iliyomletea sifa baadaye ilitokana, nadhani, na swali hilo.

Tangu hapo, kabla ya kufungua darasa la ngumbaru, wasaidizi wake walikaa kwanza na wenyeji wakikusanya maneno yao ya kila siku. Katika mtaa mmoja wa mabanda wa Recife neno mojawapo lilikuwa tijolo, yaani tofali. Wanafunzi walijadili ujenzi na makazi, kisha wakaligawa neno katika silabi: ta, te, ti, to, tu. Walimu wa Kiswahili wataitambua njia hiyo bila kuelezwa. Mapema mwaka 1963, katika mji wa Angicos, watu wazima wapatao 300 walifunzwa kusoma kwa muda wa saa 40. Rais João Goulart mwenyewe alihudhuria hitimisho. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, Freire akafungwa kwa muda wa siku 70 hivi, kisha akaenda uhamishoni Bolivia na Chile.

Kuanzia 1970 alifanya kazi Geneva katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na mawazo yake yakafika kwetu. Hapa Kenya yaliongoza mafunzo ya DELTA, yaliyoanza mwaka 1974 kwa watumishi wa miradi ya vijijini. Kule Kamĩrĩthũ, Ngũgĩ wa Mĩriĩ aliyatumia katika masomo ya watu wazima, na kutokana na kituo hicho ikaja tamthilia ya Ngaahika Ndeenda mwaka 1977.

Barani Afrika ndipo pia alipokumbana na jaribio gumu, na sisi tunaoshughulika na lugha hatuna budi kulitazama. Mwaka 1975 aliitwa Guinea-Bissau, nchi iliyokuwa imejikomboa kutoka kwa Wareno, ili kusaidia kampeni ya kusoma na kuandika. Wakulima walisema Kibalanta, Kifula na lugha nyinginezo, na Krioli iliwaunganisha wengi. Kireno kilisemwa na wachache mno. Hata hivyo viongozi waliamua kwamba kisomo kiwe kwa Kireno, na kampeni ikadidimia. Freire alitetea Krioli, na uamuzi haukuwa wake. Lakini aliendelea na kazi. Kwangu mimi hilo ni gumu kulisamehe kwa mtu aliyekwisha kufunzwa na mfanyakazi wa Recife. Mkulima aliombwa ausome ulimwengu wake kwa maneno ya aliyemtawala. Wapo humu nchini wanaofanya vivyo hivyo, wakipeleka hojaji za Kiingereza kwa akina mama wa Turkana na Kwale, kisha wakaripoti kwa wafadhili kwamba wenyeji hawana ari.

Freire alirejea Brazili mwaka 1980. Kati ya 1989 na 1991 alisimamia elimu ya jiji la São Paulo, ambako masomo ya watu wazima yaliendeshwa pamoja na vikundi vya wakazi wenyewe. Alifariki huko kwa maradhi ya moyo tarehe 2 Mei 1997, akiwa na umri wa miaka 75.