Jules Cornet na jiwe la Kalukuluku

Jules Cornet alizaliwa mwaka 1865 huko Saint-Vaast, Ubelgiji, katika eneo la makaa ya mawe. Mwaka 1891, akiwa na miaka 26, alijiunga kama mwanajiolojia na msafara wa Kapteni Lucien Bia kuelekea Katanga. Walifika Bunkeya Januari 1892, mwezi mmoja baada ya Mfalme Msiri kuuawa na watu wa msafara mwingine. Bia mwenyewe alifariki mwaka huohuo, na Émile Francqui akashika uongozi. Katika njaa na magonjwa, Cornet aliendelea kupima miamba na kukusanya mawe.

Mashimo ya shaba hakuyachimba yeye. Aliyakuta. Wasanga, na Wayeke baada yao, walijua kuchagua jiwe la kijani, kuliyeyusha na kumimina misalaba ya shaba iliyokwenda mbali kwa biashara. Cornet alileta swali lingine: jiwe hili limeundwa na nini, na limefikaje hapa?

Jibu lilikamilishwa na waliomfuata. Zamani sana, maji ya moto yenye chumvi yalipita katika miamba ya tabaka na kuacha humo shaba iliyoungana na salfa. Baadaye mvua na hewa viliibadilisha shaba hiyo karibu na uso wa ardhi. Ilipokutana na kaboneti, ikawa malakaiti ya kijani; ilipokutana na fosfati, ikawa madini ya buluu iliyoiva. Hayo ya buluu yalitambuliwa katika mgodi wa Étoile, yaani Kalukuluku, hapa kwetu Lubumbashi, yakaitwa kornetiti. Cornet alikuwa bado hai, akifundisha Mons. Alifariki mwaka 1929.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jina hilo lina mengi. Ni jina la ukoo lililopachikwa kiambishi tamati, nasi tukaliongezea irabu. Linamkumbuka aliyepita na kuandika, wala halimtaji aliyechimba. Lakini wachimbaji nao walikuwa na msamiati wao: wa mawe, wa tanuru, wa mivukuto, wa hatua za kuyeyusha. Sehemu yake ingali vinywani mwa wazee wanaosema Kisanga na Kiyeke. Kornetiti imeshahifadhiwa katika kamusi za madini za dunia nzima. Maneno ya wazee hao yanatungoja sisi wa kitivo hiki, na wazee hawatungoji milele.