Mzee Ojwang: Buda Mkikuyu Aliyekuwa Mjaluo wa Kila Keja

Taja jina Benson Wanjau hapa Kibera na wasee wengi watakuangalia tu. Sasa taja Mzee Ojwang uone vile mabuda na mamathe watacheka kabla hujamaliza sentensi. Ni mtu mmoja.

Kwa nyinyi mmekulia na simu mkononi, wacha niwapange kidogo. Hadi KTN ilipokuja 1990, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya TV, ile ya serikali. Iliitwa VOK, ikageuka KBC 1989. Kwa ploti nzima ya Gatwekera ama Kawangware 56 ungepata keja moja tu yenye telly, mara nyingi Greatwall ya nyeusi na nyeupe iliyounganishwa na bateri ya gari. Vitimbi ikianza, watoto wanajipanga kwa sakafu, wakubwa wanasimama mlangoni, na mwenye aerial anaambiwa asisonge hata kidogo.

Wote walikuwa wanangoja Ojwang Hatari. Mzee wa kofia, Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, mjanja wa maneno lakini ujanja wenyewe unamrudia kila wiki. Kando yake Mama Kayai, bibi asiyebembelezwa na mtu. Na kama hukumpata kwa Vitimbi, ungempata kwa Vioja Mahakamani akihangaisha korti.

Sasa risto yenyewe. Buda huyu hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai naye, jina lake halisi Mary Khavere, hakuwa bibi yake. Lakini waliigiza vizuri hadi watu waliamini ni mtu na mkewe, na Ojwang alipoaga kuna wengi walimpa Mama Kayai pole za mjane.

Nataka ufikirie hapo kidogo, hasa kama umekulia hizi mtaa zetu.

Mwisho wa 2007 kura zikaleta noma. Kibera na Kawangware, majirani waliokuwa wanachota maji bomba moja wakaanza kuulizana jina la pili. Ukiwa Wanjau mahali pabaya, ama Ojwang mahali pengine pabaya, hilo jina lingetosha kukuchomea keja. Wasee walihama usiku na godoro kichwani. Wengine hawakurudi hadi leo.

Na huyu buda alikuwa amebeba yote mawili kwa zaidi ya miaka 20. Wanjau kwa kitambulisho, Ojwang kwa telly. Wajaluo walimwita wao bila kuuliza kitambulisho, Wakikuyu hawakumwona kama msaliti. Hakuna siku tuliambiwa hiyo ni siasa ya umoja. Ilikuwa tu buda anafanya kazi yake poa.

Nadhani siri ni hii: hakucheka Wajaluo. Alicheka na Ojwang. Ukimtoa hiyo lafudhi, bado unabaki na baba yeyote wa ploti yetu: anaringa mbele ya watu, doh hakuna, na bibi anajua siri zake zote.

Lakini uzee haukumhurumia. Macho yalianza kukataa. Msee aliyekuwa ameonwa na Kenya nzima akafika mahali haoni anayemsalimia, na kazi ya kuigiza ikabidi aiache. Hapo ndipo wengi walishtuka kujua kwamba jina kubwa halikuwa na doh kubwa nyuma yake. Waigizaji wa enzi zake wamelalamika miaka mingi kuhusu malipo kidogo, na uzee wake ukawa ushahidi.

Wakenya wakachanga. Hakuna aliyeuliza kama anachangia Wanjau ama Ojwang. Akafanyiwa operesheni ya macho, akapata afueni. Ilikuwa kitu cha kutia moyo na cha aibu pia, kwa sababu mtu aliyechekesha nchi miaka 30 hafai kungoja harambee ndio aone tena.

Aliaga Jumapili, 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Alizikwa makaburi ya Lang'ata, hapo tu karibu na Kibera, mahali wengi waliokuwa wakijazana mbele ya zile Greatwall pia wamelazwa.

Leo kila kona kuna kijana na simu anashuti komedi. Ukiangalia vizuri, baba mkali wa lafudhi nzito bado yuko. Mama mwenye nyumba bado yuko. Wengi wanamwiga Ojwang bila kujua wanamwiga nani.

Kama wewe ni mmoja wao, beba vitu viwili kutoka kwa huyu buda. Kwanza, ukiigiza kabila la jirani, ligeuze kuwa mtu, lisikuwe matusi. Kesho kutwa kuna kura tena, na huyo jirani ndiye utakuwa naye kwa ploti. Pili, andikiana mkataba na weka akiba ukiwa bado unaona.

Na leo jioni ukifika hao, muulize mzazi wako kuhusu Mzee Ojwang. Haijalishi nyinyi ni kabila gani. Atacheka tu.