Kitili Mwendwa: Jaji Mkuu aliyerejeshewa heshima na wapiga kura

MALUKI Kitili Mwendwa, mzaliwa wa Kitui, aliandika historia mwaka 1968 Rais Jomo Kenyatta alipomteua kuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Mwaka 1971 alijiuzulu baada ya jina lake kuhusishwa na njama ya kuipindua serikali, ingawa hakushtakiwa.

Angali nje ya uongozi, mkewe, Nyiva, alishinda kiti cha Kitui Magharibi mwaka 1974. Katika miaka ya 1980, wapiga kura wa eneo hilohilo walimpeleka Kitili bungeni.

Hakukikalia kiti hicho kwa muda mrefu. Ajali ya barabarani ilimuua mwaka 1985. Miaka kumi baadaye, Nyiva akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa waziri nchini.